Miguu Minane

Miaka ishirini na sita nimewaambia watu wa Mwanza:
inua kidevu. Usicheke. Tazama kidole changu.
Wakatii, mmoja mmoja, juu ya kigoda kile kile
mbele ya pazia la buluu:
wanafunzi, mabaharia wa meli ya Bukoba,
bibi harusi aliyelia poda ikamchirizika hadi shingoni.

Kisha simu zikaja, kila kiganja kikawa studio.
Nondo wakaanza kula pazia, upande wa kushoto.

Leo, saa moja kasoro, nimelala kifudifudi
katika mtumbwi wa Nyanzobe, mkata mafunjo wa Luchelele.
Maji ya tope yameingia shatini, yamefika kitovuni,
na hapa hakuna anayetii.

Namwambia mdiria: tulia.
Ameshazama. Kilichobaki kwenye kioo
ni duara la maji
na hewa iliyokuwa na ndege.
Namwambia yangeyange: geuka kidogo, mama.
Ananipa mgongo kama karani wa ardhi saa tisa alasiri.
Mnandi, huyu angalau anakaa,
ametandaza mbawa juu ya nguzo zikauke,
ila jua liko nyuma yake; anatoka mweusi tii,
koti lililosahauliwa msumarini.

"Hasa unataka nini?" ananong'ona Nyanzobe,
panga limelala magotini pake.
"Ingekuwa sato, tungekwisha kula."

Nataka sile-maua.
Yule wa vidole virefu kama njiti za mwavuli,
apitaye juu ya majani ya mayungiyungi
kana kwamba ziwa ni mkeka
na yeye kavua viatu mlangoni.

Akatoka kwenye gugumaji, rangi ya shaba, kibandiko cha samawati pajini.
Nyuma yake vitone vitatu vinakimbia,
vyepesi, hata jani halijui limekanyagwa.

"Huyo dume," akasema Nyanzobe. "Jike hutaga, likaenda zake."
Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja bei ya dagaa.

Furukombe akapita juu. Kivuli kikakata maji.
Dume akachutama, akafungua mbawa kidogo,
mlango wa nyumba ya udongo,
na vile vitone vikaingia.
Aliposimama tena hapakuwa na mtoto hata mmoja,
ila ubavuni zilining'inia kamba nyembamba, kulia, kushoto:
miguu.
Miwili yake, sita ya kubebwa.
Akaondoka nayo taratibu kuelekea kwenye mafunjo,
na mimi, mwenye mkono usiotetemeka mbele ya mkuu wa mkoa,
nikabonyeza
nikitetemeka.

Nyanzobe akachungulia kioo, akacheka mpaka mtumbwi ukayumba.
"Umemchinja! Kichwa kiko wapi?"

Kichwa hakimo. Yumo kuanzia kifuani kwenda chini,
mbawa zilizobana, na ile miguu
inayochungulia kama watoto chini ya pazia.

Nyumbani nina albamu yenye jalada la plastiki.
Lugata siku ya kwanza shuleni, soksi moja imeshuka.
Milembe kisiwani Saanane, anamwogopa pundamilia.
Nkwabi ndani ya beseni, povu juu ya kichwa,
mwaka ule wa mvua zisizokatika,
mama yao alipopanda meli ya usiku.
Nimezipekua zote. Mimi simo.
Mara moja kuna kivuli changu kwenye nyasi.
Mara moja kuna kidole gumba, pembeni, kimeziba nusu ya anga.

Nimeisafisha picha ile kwa ukubwa wa kalenda,
nimeining'iniza pale nondo walipotoboa.

Juzi kaja kijana, anataka ndogo nne za pasipoti.
Akaitazama kwa muda, akahesabu kwa midomo.
"Mzee, huyu mbona hana kichwa?"

Nikarekebisha taa.
Nikamwambia: inua kidevu.